Karibu Tena

Hodi ile ilitokea upande wa chumbani, ambako hakukuwa na mtu.

Fundi cherehani hakuligundua hilo. Ilikuwa saa kumi jioni, mbingu imevimba kama jipu, naye alikuwa ameshakomea mlango wa mbele na kuwakusanya kwenye chumba cha kushonea watu wake wote duniani: mama mkwe, na binti yake wa miaka mitano waliyemwita Kifungo. Walikaa mkeka mmoja, wamebanana, wakisikiliza upepo ukizomea mabati, na kwa kitambo ilikuwa raha tupu. Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, jicho moja kalifumba. Tena mtu aliyezoea wateja, mdomo wake hausubiri akili.

"Karibu!" akasema.

Mama mkwe akamshika mkono. "We mwanangu, umemkaribisha nani?"

Umeme ukakatika, na kwa kuwa madirisha yalikuwa yamefungwa, giza likawafunika. Ikaja harufu ya kitambaa kibichi kilichounguzwa na pasi. Kisha cherehani, hakuna aliyeikalia, ikaanza kushona taratibu.

"Mama," Kifungo akamnong'oneza Fundi, "mbona huyu ananipima?"

"Nani?"

"Huyu. Kanizungushia futi kiunoni."

Fundi akapapasa gizani, akaikuta futi yake mwenyewe ya kupimia nguo imemzunguka mtoto, ya baridi, imekaza, akavuta, akavuta tena, na kadiri alivyovuta ndivyo mtoto alivyozidi kuteleza kuelekea chumbani, huku nje dhoruba imeshafika na inaubamiza mlango ambao hata ungefunguka usingewapeleka popote. Akalia. Hakuwa na la kufanya.

"Mdomo uliomkaribisha ndio umuage," mama mkwe akasema. "Muage, mwanangu. Kwa adabu."

"Mgeni wetu," Fundi akasema, "kwaheri."

Cherehani ikanyamaza. Futi ikalegea. Kutoka chumbani sauti ya upole ikajibu: "Haya. Kwaherini."

Fundi akamkumbatia mwanawe kwa nguvu zote. Siku zote alimsifu mbele ya wateja: huyu ana adabu, hajawahi kumwacha mteja aondoke bila neno. Alilikumbuka hilo akiwa amechelewa, mkono wake bado unautafuta mdomo wa mtoto gizani.

"Karibu tena," Kifungo akasema.

"Asante," sauti ikajibu, safari hii ikiwa mkekani.