Hakuambiwa Arudie

Mwavuli ulikuwa unachuruzika maji. Ulining'inia nyuma ya mlango kama siku zote, umekunjwa na kufungwa, na chini yake sakafuni palikuwa na kidimbwi cha ukubwa wa sahani. Mwezi wa nne jambo hilo lisingemshangaza mtu. Lakini huu ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi kimeishika Mbarara yote, huku Uganda, vumbi la mtaa wa Kakoba limepaka kila kitu rangi ya tofali, na watu walikuwa wakigombania foleni ya madumu bombani tangu alfajiri.

Eliane alipangusa maji yale akamwuliza binti yake Diane kama ndiye aliyeuchezea. Diane, mwenye miaka sita na mdomo wa miaka sitini, akaapa si yeye. Mumewe Anatole, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, alipoulizwa alicheka.

"Ile mwavuli ya Bulaya? Miye naogopa hata kuigusa, isije ikanisemesha Kifaransa."

Wakacheka wote, yakaisha. Ila Eliane alicheka kidogo kuliko wenzake, maana mwavuli ule ulikuwa na habari zake.

Eliane alishona mikoba ya kitenge, tena mizuri, na kikundi chao kilipoalikwa kwenye maonyesho huko Gent, Ubelgiji, yeye ndiye aliyechaguliwa kwenda. Maonyesho yalikwisha upesi. Siku zilizobaki kabla ya ndege alizitumia kwa binamu yake Gisèle, aliyehamia huko zamani. Mvua haikukatika hata siku moja, na hapo ndipo utamu ulipokuwa. Kwao mvua ni kazi: kusogeza vitanda, kukinga mabeseni, kuombea ukuta wa udongo. Kule mvua ilikuwa ya kutazama tu. Gisèle alimnunulia mwavuli, wakazurura kwenye vijia vya mawe vinavyong'aa, wakala gofri, lile andazi lenye vijumba vijumba, wakaingia makanisani kukwepa manyunyu wakatoka wakicheka. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Eliane aliloa bila kuogopa kitu.

Siku moja yuko mezani dirishani, mbele yake kikombe cha chokoleti ya moto, ujumbe ukaingia: mama yako anaumwa sana, piga simu. Aliusoma. Akaigeuza simu kifudifudi mezani, akajiambia atapiga jioni. Jioni wakapanda mashua ya kuzungukia mifereji, chini ya turubai, mvua ikipiga ngoma juu. Kesho yake mama yake, mama Goretti, alifariki katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na Eliane aliwahi tu kuona udongo mbichi wa kaburi.

Hilo la simu hakumwambia mtu, hata Anatole. Alilibeba moyoni, nalo likamla taratibu kama mchwa alavyo nguzo.

Siku chache baada ya ule mwavuli, Anatole alikuwa akipitia picha za Gent kwenye simu ya mkewe. Akasimama kwenye moja.

"Eliane, huyu maman nani huku nyuma yako?"

Kwenye picha Eliane alikuwa darajani, akicheka. Mbali nyuma yake alisimama mtu aliyejifunika kitu cheupe kichwani.

"Ni bazungu," Eliane akasema. "Wakati ya mvua banavaaka nylon."

Anatole akasukuma picha nyingine, na nyingine. Mtu yule alikuwa katika zote, na kila picha alikuwa amesogea. Katika ile ya mwisho, karibu na mashua, alionekana hadi miguuni.

"Na bazungu banavaaka kambambili?"

Eliane akamnyang'anya simu. Zilikuwa zile kandambili za buluu za mama yake, moja imefungwa kwa waya, yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga.

Tangu hapo nyumba haikutulia, na wala haikungoja giza kama majini ya hadithini, bali mchana kweupe, jua la saa saba likichoma bati, Eliane akiwa kwenye cherehani alisikia nyuma yake mlio wa plastiki ikichakarika, chakara, chakara, kisha kandambili zilizojaa maji, pwaka, pwaka, zikija hadi mgongoni pake na kusimama, na harufu ya kitenge kilicholowa na moshi wa kuni ikamjaa puani, naye akabaki ameshika kitambaa, hageuki, mpaka kile kitu kilipovuta pumzi na kukohoa kikohozi kirefu cha kifua kibovu ambacho alikuwa amekisikia utoto wake wote kupitia ukuta wa udongo.

Mchungaji akaletwa na waombaji wake. Walikemea mchana kutwa, "Shetani, toka! Toka!" hadi sauti zikakauka. Hakuna kilichotoka. Na kingetokaje? Aliyeitwa hakuwamo, na aliyekuwamo hakuitwa.

Ndipo mambo yakahamia kwa mtoto. Siku ya kwanza Diane alikutwa kwenye kona ya barabara peke yake, miguu imeloa hadi magotini. Siku ya pili alitoweka saa nzima, Eliane akizunguka Kakoba anapiga mayowe kama mwendawazimu. Mwendesha bodaboda ndiye aliyemrudisha.

"Nyabo, hii mtoto yako? Mimi nimekuta yeye Ruti kule, barabara ya Kabale, anatembea tu. Malori ingegonga yeye! Na nguo iko maji, mimi nashangaa, mvua ya wapi?"

Eliane alimkumbatia binti yake. Mtoto alikuwa baridi kama samaki.

"Ulienda wapi, mama yangu? Ulienda wapi?"

"Nilikuwa nasindikiza koko," Diane akasema, maana ndivyo alivyomwita bibi yake. "Koko anatafuta njia ya Bulaya. Anasema ulimupotea." Kisha akakohoa, na kikohozi hakikuwa cha mtoto.

Kufika asubuhi midomo ya Diane ilikuwa na rangi ya majivu. Hospitali walimsikiliza kifua, wakampa dawa, na dawa hazikufanya kitu. Anatole alikaa chini akamwambia mkewe kwa sauti ya kunong'ona, akitazama mlango: "Mutoto wetu ataenda na yeye. Unaona? Kila siku anaenda mbali zaidi. Kama kuko neno hauniambie, niambie leo."

Eliane akamwambia. Ujumbe, kikombe cha chokoleti, mashua. Alilia hadi akakosa sauti. Anatole hakumgombeza, na hilo lilimuuma kuliko kipigo. Alichukua simu akampigia Apollinarie.

Apollinarie alikuwa jirani wa marehemu kule Nakivale, Mrundi, mwanamke wa makamo asiyevua rozari shingoni, na ndiye aliyetuma ule ujumbe. Watu humwita wakisumbuliwa na wafu wao. Alisikiliza, akasema maneno machache: "Mtoto abaki na baba yake. Eliane aje huku, leo."

Alimpokea bila pole nyingi. "Kwanza nieleze. Siku ile ulimuaga mama vipi?"

"Nilimudanganya," Eliane akasema. "Kifua yake ilikuwa mubaya. Angejua naenda Bulaya, angenikataza. Nilisema naenda tu kwa kazi yangu Mbarara, nitakuya tena samedi, Jumamosi ile."

"Uongo huo tulishaujua, njia ya mwongo ni fupi. Mimi nauliza barabarani. Alikusindikiza?"

"Alinisindikiza. Mvua ilikuwa mingi, nikamukataza, akajifunika kipande ya shitingi, ile nylon nyeupe ya kambi, akanifuata mpaka kwa pikipiki."

"Ulipopanda, ulimwambia arudie?"

"Hapana. Sikumuambia."

Kwa watu wa kwao Eliane, anayesindikizwa ndiye mwenye neno. Msindikizaji hageuki mwenyewe, maana kugeuka ni kama kumtupa mwenzako njiani. Hutembea mpaka aambiwe, "Basi, rudia," yaani urudi kwako. Eliane alikuwa amewaambia watu neno hilo maisha yake yote. Siku ile hakugeuza hata shingo, kwa kuwa uongo wake na uso wa mama yake visingekaa pamoja machoni pake. Alimgonga dereva begani, wakaondoka.

"Tulimkuta mbali sana kwenye njia ya Isingiro," Apollinarie akasema polepole. "Mvua inamnyeshea, matope mpaka kiunoni, na bado anatembea. Tulidhani akili imempotea. Kumbe Yezu wangu, alikuwa anangojea neno tu. Mwanangu, huyo si shetani. Huyo anakusindikiza mpaka leo."

Wakaenda hadi pale pikipiki ilipokuwa imesimama siku ile. Jua lilikuwa kali, barabara nyeupe kwa vumbi, ng'ombe wa watu wakilala kivulini. Apollinarie alimwagiza atembee kama mtu anayeondoka, na akisikia nyuma yake kuna mtu, ageuke. "Akikuuliza, usimdanganye tena. Kisha umwambie arudie. Usiongeze lingine."

Eliane alitembea, na hakuwa amekwenda mbali plastiki ilipoanza kuchakarika nyuma yake, chakara, chakara, na harufu ya moshi na kitenge kilicholowa ikaja katikati ya joto lile, na miguu ikataka kukimbia lakini akamkumbuka Diane na midomo yake ya majivu, akageuka.

Mama Goretti alisimama hapo, analowana kwa mvua isiyonyesha popote isipokuwa juu yake. Maji yalitiririka kutoka kwenye shitingi yakanywewa na vumbi.

"Ulifika muzuri?" akauliza.

"Nilifika, mama."

"Kule nako mvua ilinyesha?"

"Kila siku, mama."

"Pole, mutoto wangu. Uliteseka na baridi."

Mlango wa uongo ulikuwa wazi mbele ya Eliane, mpana na wa huruma. Angeitikia tu. Akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Nilifurahi. Habari yako ilinifikia, nikageuza simu, nikaendelea kufurahi. Sijafurahi vile tangu nizaliwe."

Uso uliolowa ukatabasamu. "Nilikuona. Ulikuwa unacheka mingi. Nikasema, wacha acheke, miye nafuata tu."

Eliane alitamani ardhi ipasuke. Matusi angeyaweza. Hili hakuliweza.

"Sasa nirudie?" mama akauliza.

"Rudia, mama."

"Nirudie wapi?"

Kweli, wapi? Nyumba ya Fizi, kwao Kongo, iliungua zamani za vita. Kibanda cha Nakivale kilikuwa na kufuli. Apollinarie akanong'ona kwa ukali kutoka kando ya njia: "Mwambie kaburini! Sema upesi!"

Eliane alifungua kinywa. Alimtazama yule mwanamke aliyetembea kwenye matope kwa ajili yake, anayetetemeka na bado hajageuka, anangoja. Kumwambia mama yako aende kaburini, hilo neno mtoto halisemi.

"Kwenye nyumba yako," akasema. "Na miye nitakuya, tutakaa sisi wawili. Diane umuache."

"Eliane!" Apollinarie akapiga ishara ya msalaba. "Umefanya nini?"

Lakini mama Goretti alikuwa ameshageuka, anaelekea kijijini, pwaka, pwaka, na nyayo zake zikikauka nyuma yake.

Jioni ile ile Anatole alipiga simu analia kwa furaha. Kikohozi kimekatika, Diane ameomba uji na kuumaliza. "Rudia sasa," akasema. "Tunakungoja." Eliane alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mama yake, ukuta wote umelowa na kiangazi kiko nje, akamjibu kwamba harudi.

Siku hizi anashonea hukohuko Nakivale, na ana kikohozi. Anatole amembembeleza mpaka amechoka. Jumapili humleta Diane, wakala pamoja mlangoni, juani, maana Eliane haruhusu mtoto aingie ndani. Saa ya kuondoka ndiyo mbaya.

"Maman, hautusindikize?" Diane huuliza. "Hata kidogo? Hata pale kwa njia?"

"Rudieni tu, mama yangu. Rudieni."

Mtoto huona mama yake hampendi, na huondoka ameinamisha kichwa bila kuangalia nyuma. Ndani ya nyumba shitingi huchakarika, kandambili hutafutwa chini ya kitanda, na mwenye nyumba huinuka kwa adabu ili awasindikize wageni. Eliane huingia haraka, hufunga mlango, huuegemeza mgongo wake na kukaza miguu sakafuni kwenye maji.

"Kaa, mama," hunong'ona, mlango ukimsukuma. "Kaa. Wameshafika."