Kona Isiyoshindiliwa

Kila asubuhi Hajra alifagia uwanja, akaosha vyombo vya usiku, kisha akachota maji kisimani kabla ya kwenda shule. Lakini shule zilipofungwa, kazi kubwa nyumbani kwao Marambo ilikuwa moja tu: bwawa. Baba yake, Mzee Bashiri, mkulima wa korosho na ufuta, alikuwa ameamua kufuga perege nyuma ya nyumba.

Fundi wa bwawa hilo alikuwa Shangazi Biasha, dada yake baba, aliyekuja kutoka Ruangwa na nyundo zake za kuchongea mawe ndani ya gunia. Uwanja wa nyuma uliteremka kuelekea jiko la jirani yao, Bibi Dionisia, kwa hiyo upande wa chini ulihitaji ukuta imara. Shangazi alijenga kuta mbili za mawe zilizotazamana, akaacha nafasi nyembamba katikati. Upande wa juu alipanga mawe mapana mfano wa ngazi, ili maji ya pampu ya sola yaporomoke hapo na kuwapa samaki hewa.

Hajra alipewa kazi ya kujaza ile nafasi iliyoachwa katikati ya kuta.

"Udongo wa kichuguu, maji kidogo, halafu shindilia kwa gogo hili," Shangazi alimwelekeza. "Tabaka moja likikaza ndipo uongeze jingine. Pakibaki wazi, maji yatapenya."

Hajra alijitahidi mpaka ikabaki kona ya mwisho. Jioni hiyo rafiki yake, Nasma, alipita akiwa amevaa sare ya netiboli.

"Bado uko kwenye matope? Timu ya Chunyu imeshafika. Wenzio wote wako uwanjani."

Hajra akaitazama ile kona. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Alitupia humo vipande vya mawe, nyasi kavu na mabonge ya udongo, akafunika juu kwa udongo laini. Ungeutazama ukuta, usingeona tofauti yoyote.

"Ile kona tayari?" Shangazi aliuliza huku akikoroga saruji.

"Tayari, Shangazi."

"Umeshindilia vizuri?"

"Nimeshindilia."

Shangazi hakwenda kuikagua. Aliziba juu kwa saruji, na Hajra akakimbilia mpirani.

Bwawa lilipojaa, majirani walialikwa kulitazama siku ya Ijumaa baada ya swala. Baba aliwasha pampu. Maji yalishuka jiwe baada ya jiwe, yakatoa povu jeupe, na watu wakasogea karibu kupata ubaridi wake. Vifaranga vya samaki vilikuwa vikisubiri kwenye pipa kivulini.

Mama alimtuma Hajra ampelekee Bibi Dionisia sahani ya pilau. Bibi huyo alikuwa na maumivu ya miguu, hakuweza kupanda kule juu. Hajra alimkuta akisonga ugali jikoni kwake, na mjukuu wake mdogo, Aurelia, akicheza na vifuu chini ya ukuta wa bwawa.

Hapo ndipo Hajra alipoona doa la maji. Lilikuwa kwenye ile kona, juu kidogo ya kichwa cha Aurelia.

Alitazama huku na huku, akachota tope, akalikandika kwenye ufa. Maji yakakoma. Akarudi juu.

"Hata huyu binti yangu ametoa jasho hapa," Baba alikuwa akiwaambia wageni. Watu wakamgeukia Hajra wakitabasamu. Yeye akainamisha uso. Angesemaje sasa, mbele ya watu wote hawa? Labda tope lingeshika. Labda angemwambia Shangazi kesho, wakiwa wawili tu.

Lakini miguu yake haikutulia. Alishuka tena. Lile tope lilikuwa limeanguka, na maji yalikuwa yakitiririka ukutani, mekundu kwa udongo. Jiwe moja lilikuwa limesogea nje.

"Aurelia, njoo huku kwangu," aliita kwa sauti ndogo.

"Sitaki. Hapa kuna kivuli."

Hajra alimnyakua mtoto huyo, akamkabidhi kwa bibi yake, kisha akapanda mteremko mbio mpaka kati ya wageni.

"Shangazi," alisema akihema, "ile kona sikuishindilia. Nilijaza nyasi. Sasa maji yanatoka, tena yanatoka na udongo."

Baba alimkazia macho. Shangazi Biasha alimgeukia Baba.

"Bashiri, zima pampu, ufungue bomba la kutolea maji," alisema. "Wengine wote mkae mbali na ukuta. Hajra, twende kwa bibi."

Bibi Dionisia alikuwa bado amekaa kwenye kigoda, amemkumbatia mjukuu wake. "Miguu haitaki," alisema. Shangazi akampa Hajra mtoto, yeye akamwinua bibi kwa makwapa, akamkokota pembeni. Walikuwa wamefika kwenye mbaazi zilizopandwa kando ya nyumba waliposikia mawe yakisagana.

Kona ikaanguka. Maji mekundu yalifurika jikoni, yakazima moto, yakabeba sufuria na kigoda. Jiwe kubwa lilitua pale pale vilipokuwa vifuu vya Aurelia.

Bibi Dionisia alilitazama jiko lake. "Ugali umekwenda," alisema. "Sisi tupo."

Hajra alipiga magoti mbele yake. "Nisamehe, bibi. Ni mimi."

Baba alikuja kwa hasira, lakini Shangazi akamzuia kwa mkono. "Mwache kwanza, kaka. Na mimi nina langu. Fundi hukagua kazi, mimi sikukagua."

Kuanzia kesho yake Hajra alifanya kazi bila kutumwa. Alimsaidia Baba kujenga upya jiko la Bibi Dionisia, kisha akarudi kwenye kona. Safari hii alishindilia tabaka kwa tabaka, na kila tabaka Shangazi alilikagua kwa ncha ya nyundo kabla ya kumruhusu aongeze jingine. Bwawa lilipojaa tena, walisubiri wiki nzima. Ukuta wa nje ulibaki mkavu.

Jioni waliyomwaga vifaranga bwawani, Shangazi alimkalisha Hajra karibu na maporomoko.

"Kuchoka si dhambi, mwanangu," alisema. "Ungeniambia umechoka, ningekuruhusu uende mpirani na kazi tungeimaliza kesho yake. Lakini uliponiambia tayari, nilikuamini, nikajenga juu ya neno lako. Uongo ule ulikaa ndani ya ukuta, na mtoto akacheza chini yake bila kujua."

Hajra aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

"Ila siku ile ulisema kweli mbele ya watu, tena ukijua utaaibika. Ungenyamaza kidogo tu, leo tungekuwa msibani. Ukikosea, usingoje mpaka ukuta uanze kuvuja. Sema mapema, wakati kosa bado ni dogo."

"Nitasema, Shangazi."

Chini ya povu, perege wadogo walikuwa wameanza kukusanyika mahali maji yanapoangukia.