Wino kwenye Kidole cha Cadeau

Nilirudi na ndoo kichwani, nikakuta mlango wazi. Mtoto hayupo!

Bandugu zangu mnaonisoma, Cadeau ana miaka miwili. Nilimfungia ndani makusudi, amelala, nikakimbia kuteka maji hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi.

Kumbe kuna mtu alijua ninapoficha ufunguo...

Nella, jirani yangu, njo huyo anakuja na mtoto wangu mgongoni. Cadeau analamba midomo. Na kwenye kidole chake kidogo, wino wa bluu.

"Nella, umefanya nini?"

"Nimemunywesha dawa ya kolera. Utanitukana kesho."

Sikungoja kesho. Nilimtukana mpaka majirani wakatoka.

Ngoja niwaambie kwa nini.

Wiki ile kambi nzima ilikuwa inanong'ona. Eti chanjo ya kolera ni kisingizio. Mtoto mwenye wino amehesabiwa, malori yatakuja alfajiri kuwarudisha bantu wa kambini kule walikokimbia vita. Eti kuna mwanamke wa ofisini ameona liste ya majina kwa macho yake.

Mtasema mi mjinga. Hapana, nasoma masomo ya jioni. Ila mwaka 2023 nilikuwa naishi Mtandire, kule Lilongwe, nauza mandazi. Asubuhi moja tulipakiwa kwenye malori, tukarudishwa kambini. Unga wangu ulibaki kwenye beseni.

Mkimbizi akisikia neno lori, haulizi ushahidi. Anatafuta viatu vya mtoto.

Nikasugua kile kidole kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ikatoka. Cadeau akalia mpaka sauti ikakauka. Wino ukabaki.

Irangabiye, mama wa nyumba ya mbele, akasimama mlangoni ananitazama. Binti yake Kamaliza alikuwa na miaka sita.

"Mama Cadeau, we ulisoma. Ni kweli?"

Nilimjibu maneno mawili tu.

"Ficha wako."

Akamficha chini ya kitanda siku tatu, mpaka watu wa chanjo wakaondoka.

Malori hayakuja...

Kolera njo ilikuja. Kamaliza alianza kutapika asubuhi. Jua halijazama, tulikuwa tunarudi kutoka kumzika.

Nikaanza kumtafuta yule mwanamke wa ofisini. Nilitaka nimshike shati, nimuulize hiyo liste iko wapi. Nikafuata habari kinyumenyume, mtu kwa mtu, nyumba kwa nyumba. Ikanifikisha kwa Protais, mwenzangu wa masomo ya jioni.

"Protais, we nani alikuambia?"

Akanishangaa.

"Si njo we ulitusomea?"



Mwezi mmoja kabla ya chanjo, mwalimu alituambia tuandike kumbukumbu ya utotoni. Nikaandika kambi tuliyopita nikiwa na miaka saba, nchi nyingine kabisa: tulipakwa wino kidoleni jioni, asubuhi malori yakatubeba. Nikasoma nimesimama. Darasa likanyamaza. Nilifurahi, jamani... nilidhani nimeandika vizuri.

Protais akamsimulia mke wake. Mke akaisimulia bombani, "zamani" ikadondoka njiani. Mwingine akaongeza dawa ya chanjo. Mwingine akanipa mimi kazi ya ofisini, nikawa yule mwanamke.

Hadithi yangu ikarudi mlangoni kwangu imevaa nguo za mtu mwingine, nami nikaikaribisha. Ilinifaa. Ilikuwa na umbo la hofu yangu.

Mnaonisoma, ukisimulia jambo la kweli, sema lilitokea wapi na mwaka gani. Na habari ikikuogopesha kwa namna unayoijua tangu utoto, hiyo ichunguze mara mbili.

Nella nilimwomba msamaha. Alinipa tu ufunguo wangu.

Irangabiye hajui. Bado anaazima beseni langu. Jana alimbeba Cadeau akasema, "Wako alibaki, Mungu asifiwe."

Sasa hivi Irangabiye iko nje, anaanika kagauni ka njano ambako hakana mwenyewe. Kila wiki anakafua.

Nimewaambia ninyi kwanza, kwa sababu siwaoni uso.

Naweka simu chini. Navuka kwake.