Clementina Awaita Zimamoto

Jumamosi moja ya mwaka 2013, Clementina aliingia madukani Flemingdon Park, huko ughaibuni, kununua unga, akatoka na mchumba. Si siku ileile, lakini ndivyo anavyopenda kusimulia. Karibu na mlango zimamoto walikuwa wameweka meza, wanapima watu presha bure, na aliyemshika mkono alikuwa kijana mrefu, shati la buluu limenyooka kwa pasi.

"Dada, presha imepanda kidogo," akasema kwa Kiswahili, maana alishaona kitenge alichovaa.

"Itaachaje kupanda na wewe umenishika hivyo?"

Kijana akacheka. Jina lake Methodius, mtu wa Bukoba. Akamweleza kazi yake mpya: wengi mtaani walikuwa wakipiga namba ya dharura kwa dawa iliyokwisha au upweke uliozidi, gari la zimamoto, ambalo huko hukimbilia hata wagonjwa, linatoka na king'ora, kumbe hakuna moto wala mgonjwa. Sasa yeye huwatembelea watu hao nyumbani, huwapima, huwasikiliza, na huwaachia namba yake wampigie yeye.

Miezi ikaenda, wakawa wa kuitana mpenzi na laazizi. Ila ile simu! Chakula kiko mezani, inalia.

"Nani huyo, Metho?"

"Mtu wa kazini. Siruhusiwi kutaja majina ya ninaowatembelea, unajua."

"Hao watu hawana ndugu?"

"Nisubiri, laazizi, narudi sasa hivi."

Anaondoka, ndizi zinapoa.

Jumapili moja akitoka kanisani, Clementina alimwona kwa macho yake nje ya ghorofa la jirani. Msichana mrembo wa Kihindi, amevaa suruali pana ya shalwar, rangi ya waridi, na bangili tele, anamkabidhi Methodius bakuli la chakula, anamgusa bega. Methodius anacheka kile kicheko ambacho Clementina alidhani ni chake peke yake. Wivu ukamshika. Alitaka kuvuka barabara, akageuka akarudi kwake.

Jioni akampigia.

"Njoo kwangu."

"Siwezi, Tina. Niko zamu kituoni."

"Kwangu huwezi. Kwa wengine unakimbia."

Akakata simu. Halafu, jamani, wivu hauna akili, akapiga namba ya dharura akasema kifua kinambana.

Wakaja zimamoto wanne na mabuti yao juu ya zulia lake, Methodius mbele, midomo imemkauka. Akapiga magoti, akampima. Presha nzuri, moyo mzuri. Akalitazama gauni jekundu alilovaa Clementina, midomo iliyopakwa rangi, akaelewa.

"Nimepanda ngazi nikijua nakuja kukuta maiti yako," akasema polepole.

Akakunja kipimo chake, akainuka. Walipoondoka, Clementina alilia hadi wanja ukamchuruzika mashavuni.

Siku zikapita bila simu. Clementina akajua amempoteza kwa mikono yake mwenyewe. Kisha mlango ukagongwa. Methodius, amevaa sare, mkoba wa kupimia presha begani.

"Nimekuja kikazi. Anayetuita bila ugonjwa hutembelewa, akaulizwa alikuwa anahitaji nini."

"Nilikuhitaji wewe. Nilikuona na yule msichana wa shalwar, nikajua umeshaniacha. Nisamehe, Metho."

Methodius akakaa.

"Yule ni Fareen. Bibi yake, Bi Khatoon, alikuwa akiwaita zimamoto kila mara kwa kuogopa kufa peke yake. Siku hizi ananipigia mimi. Nimemwomba ruhusa nikuambie, naye amesema nikupeleke ukanywe chai."

"Hasira zimekwisha?"

"Bado ninazo. Lakini kwenye zile ngazi nilijua siwezi kuishi bila wewe." Akatoa ufunguo wa nyumba yake, akauweka kiganjani mwa Clementina. "Wengine nawaachia namba. Wewe nataka tuishi pamoja. Wiki hii natuma mshenga kwa baba yako."

Clementina akaufumba ufunguo mkononi. Machozi ya furaha yalikuwa yakimtoka, na bado swali likamponyoka.

"Na Fareen anao?"