Nyumba Iliyozidi

Malalamiko ya wateja wetu huwa ya aina tatu: dadu imepotea, mtoto amemeza ng'ombe, au shemeji ameshinda na familia inataka nithibitishe kwamba aliiba. Ng'ombe wetu ni vipande vidogo vya mbao, kwa hivyo hadi leo hakuna aliyekufa. Basi mama mmoja wa Uriri aliponiandikia kwamba boksi lake lina nyumba moja iliyozidi, nilimjibu abaki nayo, ni zawadi.

Akajibu: "Njoo uichukue. Leo, kabla giza halijaingia."

Nilienda. Kampuni yetu ni watu wawili, mimi na dada yangu Bonareri, na Bonareri alikuwa kitandani wiki ya sita. Alikuwa amekonda hadi pete ikawa inamvuka kidole yenyewe. Hospitali ilikuwa imempima kila kinachopimika, na kila jibu lilirudi safi. Mimi nilikuwa nimefika mahali ambapo mtu halii tena. Nilikuwa nafanya tu kilichokuwa mbele yangu, na jioni hiyo kilichokuwa mbele yangu ni nyumba ya Uriri.

Mchezo wetu unaitwa Fungua Boma. Tuliubuni sebuleni kwetu, Migori mjini. Unarusha dadu, unajenga uzio, lango na ghala, kisha nyumba za wana, ya kwanza kulia kwa lango, ya pili kushoto. Ukipata sita, unaongeza nyumba. Mimi huandika kanuni. Bonareri huchonga, na kila nyumba anaitia mlango kwa ncha ya msumari wa moto, ndiyo maana sebule yetu hunuka mbao zilizoungua.

Sisi ni Wakisii. Boma tuliliazima kwa majirani zetu Wajaluo. Kabla ya kuchapa tulimpa Caren, jirani wa mlango wa pili, azisome kanuni. Alikwama mstari wa kwanza: *Mchezaji mdogo kuliko wote ndiye anayeanza.*

"Hapa mmekosea," alisema.

Alieleza kwamba kwao mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Akimtangulia, chira inaingia bomani, ule ugonjwa wa kukonda, mtu anaisha huku anatembea. Nilimwambia michezo ya familia karibu yote huanza na mdogo, ili watoto wasigombane. Nilimwambia hii ni kadibodi. Nadhani nilitaja hata digrii yangu. Caren akasema, haya, daktari, akanirudishia karatasi.

Tukachapa boksi mia tatu.

Na jioni zote za miezi minane, tulipokuwa tukiujaribu, nilianza mimi. Mimi ndiye mdogo.

Bodaboda iliniacha langoni jua likiwa limekaa juu ya miwa. Kulia kwa lango kulikuwa na kijumba kipya cha mabati, kimesimamishwa kwa haraka, na mbele yake udongo mwekundu uliovimba. Hata mgeni huku hujua maana yake. Mwanamume mzima hazikwi bila nyumba. Asipoijenga akiwa hai, hujengewa yeye akiwa mochari.

Kijumba hakikuwa na mlango. Mabati tu, pande zote nne.

Mwenyeji alijitambulisha kuwa Milka, mama yake Nicodemus, yule wa kaburi la langoni. Hakuniuliza habari ya safari. Mezani ubao wetu ulikuwa umetandazwa. Kitinda mimba wake, Zablon, mwanamume wa miaka ishirini na kitu, alikuwa anatazama mikono yake. Kiti cha tatu kilikuwa wazi. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai iliyofanya utando.

Milka alinisimulia taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi. Waliununua mchezo Rongo, Disemba. Zablon alianza kwa sababu karatasi ilisema hivyo. Nicodemus alicheka, akasema huyu mdogo ananijengea mbele ya macho yangu. Wakaupenda. Wakacheza kila jioni. Mwezi wa pili Nicodemus akaanza kuacha chakula. Siku moja wakafungua boksi, wakakuta nyumba moja nyekundu imezidi. Nyekundu ilikuwa rangi yake.

Baada ya siku nne hakuamka.

"Tulidhani ni nyinyi mmekosea kuhesabu," Zablon alisema, macho yakiwa bado mikononi mwake.

"Ile nyekundu ilipotea siku ya kuzika," Milka alisema. "Hii imekuja juzi."

Akafungua kiganja.

Nyumba ya buluu. Niliigeuza pande zote nne nikitafuta alama ya msumari... Haikuwepo. Lakini ilikuwa na joto. Na ilinuka mbao zilizoungua, kana kwamba imetoka motoni sasa hivi.

"Hapa hakuna anayecheza buluu," Milka alinong'ona. "Kwenu ni nani?"

Buluu huicheza Bonareri.

"Mimi nilichelewa, nyathina, mwanangu. Mwenye kanuni ni wewe. Nenda mkubwa wenu aanze. Leo."

Nilifika nyumbani saa moja. Nilimkalisha Bonareri kwa mito mitatu, nikaweka ubao mapajani mwake, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe digrii imeisha nguvu," alisema.

"Rusha tu."

Alirusha. Mbili. Akajenga uzio wake wa buluu, akalala.

Asubuhi aliomba uji.

Baada ya wiki pete ilikuwa imekaa kidoleni. Ile nyumba niliifungia kwenye droo, ufunguo nikauweka shingoni. Nilichukua kalamu nikakata mstari wa kwanza katika boksi zote zilizobaki, nikaandika: *Mkubwa aanze.* Walionunua niliwapigia mmoja mmoja. Wengine walicheka. Sikuwa nimeamini. Sikuwa nimekataa pia. Nilikuwa nafanya kilichokuwa mbele yangu.

Kisha nikampigia Mama, aliyeko Nyamira, kumwambia kwamba binti yake anakula. Nilimsimulia habari ya mchezo kama kichekesho, nikangoja acheke.

Nilisikia kuku upande wake.

"Bonareri si kifungua mimba wangu," alisema.

Kulikuwa na mwingine, mvulana. Siku tisa. Alizikwa nyuma ya jikoni bila jina, na wazee walimkataza kumlilia, ati atafunga tumbo, asizae tena. Alikuwa hajawahi kulisema hilo kwa mtu.

"Mkubwa wenu hamjampa zamu, Nyanchama."

Niliivua kamba ya ufunguo shingoni, nikafungua droo. Ilikuwa tupu.

Nyumba ilikuwa ubaoni. Kulia kwa lango. Mahali pa kifungua mimba.

Bonareri alikuwa bado amelala. Hakuna mwingine ndani.

Siku hizi tunaweka viti vitatu. Dadu tunaiweka mbele ya kile kitupu, tunahesabu hadi kumi kimoyomoyo, kisha Bonareri anachukua zamu yake na mimi namalizia. Caren alituona dirishani, akapita zake. Ningemshukuru, lakini ningeanzia wapi?

Bonareri ananenepa. Hilo ndilo nililotaka, na sijataka kuuliza zaidi.

Jana jioni tulihesabu kama kawaida. Nilikuwa nimefika saba.

Dadu ikasogea.

Haikurushwa. Iligeuka polepole, upande mmoja, halafu mwingine, kama mtoto anayejifunza kujipindua kitandani... Ikasimama.

Sita.

Bonareri aliweka kijiko chini. Uji wake ulikuwa nusu bakuli. Kisha harufu ikaja, ya mbao zilizoungua, na msumari wetu uko jikoni, baridi tangu Ijumaa.

Kwa kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu, anayepata sita huongeza nyumba.

Boksi liko hapa mezani, kifuniko juu yake. Tumekaa nalo tangu jana, mimi na dada yangu, na hakuna anayetaka kumtangulia mwenzake kulifungua aone nyumba iliyozidi ni ya rangi ya nani.