Kasuku Aliyejitia Mzima

"Mbane mabawa, nisije nikamwaga—"

"Nimembana, wewe tia dawa—"

"Unamkaba, bwana, mwangalie macho—"

"Kuku wangapi nimewashika mimi, leo unifundishe—"

"Huyu si kuku wa kuchinjwa. Ni kasuku wa mama yako."

Hapo fundi redio akalegeza mikono. Kasuku alihema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia mgongoni. Mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka.

Jina lake Karani, kwa sababu hakuna neno lililosemwa nyumbani likampita. Sasa ilikuwa siku ya tatu hajasema kitu. Alikuwa amejikunyata kwenye sakafu ya kizimba, manyoya yamefumka kama mto wa pamba.

Mshonaji, mke wa fundi, akaweka bakuli chini. Dawa yenyewe ilikuwa kidonge cha kikohozi cha mumewe, kilichosahauliwa kwenye droo, wakakiponda na maji. Leo Alhamisi. Jumapili mama mkwe anarudi kutoka kwa dada yake.

Miaka tisa ya ndoa, mama mkwe hakuwahi kumwachia mshonaji hata ufunguo wa kabati la vikombe. Mwezi uliopita akamwachia Karani. Alisema tu, "Huyu ndiye huniamsha asubuhi. Mpe alizeti, hana makuu." Mshonaji akampa alizeti asubuhi, mchana na jioni. Sasa ndege akimfia mkononi, nani ataamini kwamba hakumtakia mabaya?

Akasema wampeleke kwa Daktari Pembe. Mumewe akacheka. Daktari Pembe alikuwa daktari wa mifugo wa mtaa wa pili, na jina alipewa kwa sababu maisha yake yote alitibu wenye pembe. Fundi akauliza kama Karani ataogeshwa kwenye josho pamoja na ng'ombe. Lakini mkewe alikwishafunika kizimba kwa shuka, yuko mlangoni anatafuta viatu.

Zahanati ya daktari ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya bati. Ukutani kulikuwa na picha mpya ya ndege, inaonyesha viungo vya ndani. Daktari alikuwa mama mwenye mikono minene ya kuvuta ndama. Aliwaambia kwamba mwaka huu alirudi darasani wiki sita, kujifunza matibabu ya kasuku na ndege wengine wanaofugwa ndani. Siku ya kwanza mwalimu alimpa yai bichi ndani ya taulo, alishike kama ndege, atembee nalo ukumbini.

"Nilivunja matatu," akasema. "Mikono imezoea fahali."

Hakumgusa Karani. Alivuta kiti akamtazama tu. Fundi akamnong'oneza mkewe kwamba huenda daktari anasali. Daktari akasikia, akatabasamu. Akaeleza kwamba ndege mgonjwa akishikwa kwa pupa anaweza kufa kwa hofu. Kwanza unamtazama anavyohema, anavyosimama, na kinyesi chake kilivyo.

Kisha akauliza wanamshikaje nyumbani. Fundi akaonyesha kwa fahari, vidole vimekumbatia kifua.

"Hapo unamziba pumzi," alisema daktari. "Ndege hupumua kifua kikipanda na kushuka. Ukikibana, hata pua ziwe wazi, hewa haiingii."

Fundi akaitazama mikono yake. Safari hii hakuwa na mzaha.

Daktari akamfunika Karani kwa taulo laini. Akamshika kichwa kwa nyuma, taratibu, kifua akakiacha huru. Akapapasa mfupa wa kifua, umechongoka kama kisu. Akawaonyesha vidoa vyeupe mdomoni. Akampima kwenye mizani ndogo ya jikoni: gramu mia tatu hamsini na mbili. Kuhusu kile kidonge walichomtajia, alisema kilitengenezwa kwa mtu wa kilo sabini, na huyu hafiki hata nusu kilo. Dawa ya mtu inaweza kumuua.

"Alizeti ina mafuta mengi, lakini vitamini A karibu haina," alisema. "Akila hiyo tu, pua na koo hudhoofika, maradhi yanaingia. Hili halikuanza mwezi huu, dada. Ni la miaka."

Mshonaji akashusha pumzi. Mara moyo ukamlipuka tena. Kumbe kosa ni la mama mkwe, na nani wa kumwambia?

"Mbona hatukuona?" akauliza.

"Ndege hujitia mzima. Porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa. Basi anavumilia, anapiga domo, anachezea chakula mbele yenu. Mkimwona amejikunyata, ameshashindwa kuficha. Ndiyo maana tunampima kila asubuhi. Manyoya yanadanganya, mizani haidanganyi."

Walirudi na dawa ya matone iliyopimwa kwa uzito wake, na mizani ndogo kama ile ya daktari. Walimweka mahali penye joto, mbali na moshi wa jiko. Alizeti ikapunguzwa kidogo kidogo, karoti, boga na mboga za majani zikaongezwa. Parachichi walikatazwa kabisa, kwa kasuku ni sumu.

Jumapili mama mkwe aliingia, akaona karoti kizimbani. Akauliza nani amembadilishia chakula. Fundi akakumbuka ghafla kwamba ana redio ya mteja.

"Ni mimi, mama," alisema mshonaji. "Alizeti tupu ilikuwa inamuumiza. Daktari anasema ni tangu zamani."

Siku mbili mama mkwe alisema naye salamu tu. Siku ya tatu alitoka chumbani na miwani, akataka aonyeshwe ile mizani inasomwaje. Tangu hapo kupima ikawa kazi yake. Kila asubuhi anaandika uzito kwenye kalenda, na ole wake atakayemsogelea.

Wiki ya sita Karani alifika gramu mia nne na tano. Alikuwa anamwita fundi kwa sauti ya mama yake, fundi anaitika, kisha akigundua ni ndege anatukana. Asubuhi hiyo mama mkwe aliandika, akaitazama kalenda kwa muda mrefu.

"Hivi, alificha muda gani kabla hamjajua?"

"Daktari alisema ni miaka, mama."

Mama mkwe akafunga kalamu.

"Mkwe wangu."

"Abee, mama."

"Nina uvimbe hapa kwapani. Una mwaka sasa. Kesho nipeleke hospitali, twende mimi na wewe."