Nani Anakunywa Umeme wa Nyange?

Lugano aliishi mlimani, mahali ambapo mvua huingia bila kubisha hodi. Aliishi na Baba, Mama na Bibi.

Uani palikuwa na gari kuukuu, jeupe kama ndege aitwaye nyange. Ndiyo maana waliliita Nyange.

Nyange alikuwa na kazi nyingi. Jirani akiugua, Nyange humpeleka hospitali. Jirani akijifungua, Nyange humrudisha nyumbani na mtoto wake.

Majirani wakitaka kulipa, Baba hutikisa kichwa.

"Ujirani hauuzwi," husema.

Lakini kila asubuhi, Nyange aligoma.

Baba alizungusha ufunguo. Nge... nge... nge... ki!

Kisha kimya. Betri ilikuwa tupu.

Majirani walikuja kusukuma.

"Baba Lugano," alitania mmoja wao, "hili gari ni la kupanda au la kusukuma?"

"Yote mawili!" Baba alijibu.

Wote wakacheka. Wakasukuma. Nyange akakohoa, akaamka. Vruuum!

Baba alinunua betri mpya. Mchana ilijaa. Asubuhi ikawa tupu.

"Usiku Nyange amelala," Lugano alisema. "Sasa nani anakunywa umeme wake? Nani?"



Wakati huo, macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu. Alimjua Lugano kwa sauti. Alimjua kwa kumpapasa. Uso wake hakuwa ameuona kwa muda mrefu.

Siku moja ilifika zamu ya Bibi kutibiwa jicho. Hospitali ilikuwa mjini, mbali.

Kabla ya kuondoka, Bibi alimshika Lugano mashavu.

"Leo daktari atanifunga bandeji," alisema. "Kesho asubuhi wataifungua. Mimi nataka nianze na uso wako."

"Nitakuja, Bibi."

"Mapema?"

"Mapema kabisa!"

Baba akampeleka Bibi. Mama akabaki naye hospitalini.

Alasiri Baba alirudi. Akaketi barazani, akashika tama.

"Kesho tuondoke alfajiri," alisema. "Majirani watakuwa wamelala. Nyange akigoma, hakuna wa kusukuma. Tukingoja basi, tutachelewa."

Lugano akamsogelea.

"Bibi ataanza na uso wa nani, Baba?"

Baba alikuna kichwa. Kisha akachukua simu, akampigia dada yake.

Shangazi Gwantwa alikuwa fundi wa umeme wa magari. Alikuja na mfuko wa vifaa, na kofia nyekundu kichwani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, mgonjwa yuko wapi?"

Lugano alimwonyesha Nyange.

Kwanza, Shangazi alizima kila kitu. Pili, alichomoa ufunguo. Tatu, alifunga milango yote.

Kisha akafungua boneti. Akaondoa waya mmoja kwenye betri. Kati ya waya na betri, akaunganisha testa.

Testa ni taa ndogo ya kupimia umeme.

"Kama hakuna anayekunywa, testa haitawaka," alisema Shangazi. "Kama yupo, itawaka."

Wakatazama.

Testa ikawaka. Ng'aa!

"Yupo!" Lugano alinong'ona.

"Yupo," alisema Shangazi. "Sasa tumtafute, pole pole, mahali pamoja baada ya pengine."

Shangazi alifungua mlango wa dereva. Mara taa ya dari ikawaka.

"Hii itatudanganya," alisema. "Lugano, njoo. Unaona kitufe hiki, hapa pembeni mwa mlango? Kibonyeze. Nyange atadhani mlango umefungwa."

Lugano akabonyeza. Taa ya dari ikazimika.

"Usikiachie mpaka nikuambie. Hiyo ndiyo kazi yako."

"Sikiachii!"

Baba alisimama mbele, akaikodolea macho testa. Shangazi aliinama chini ya usukani. Hapo palikuwa na fyuzi, ndogo ndogo, za rangi nyingi.

"Kila fyuzi ni lango la umeme," Shangazi alieleza. "Nikiichomoa, lango limefungwa. Testa ikizimika, tumempata."

Akachomoa fyuzi ya redio. Chup!

"Nani anakunywa? Nani?" aliuliza Lugano.

"Testa bado inawaka!" Baba alijibu.

"Siyo wewe, redio. Rudi mahali pako."

Shangazi akairudisha. Akachomoa fyuzi ya honi. Chup!

"Nani anakunywa? Nani?"

"Testa bado inawaka!"

"Siyo wewe, honi. Rudi mahali pako."

Sisimizi akapanda mguu wa Lugano. Akapita kwenye kifundo. Akapita kwenye goti. Lo, alitekenya!

Kidole kikateleza. Taa ya dari ikawaka. Testa nayo ikang'aa zaidi.

"Anakunywa sana sasa!" Baba alipiga kelele. "Anabugia!"

"Kidole, Lugano!" alisema Shangazi.

"Samahani, ni sisimizi!"

Lugano akabonyeza tena. Alisubiri sisimizi ashuke mwenyewe. Alimfikiria Bibi, na kidole hakikuteleza tena.

Shangazi akachomoa fyuzi ya wipa. Chup!

"Nani anakunywa? Nani?"

"Testa bado inawaka!"

"Siyo wewe, wipa. Rudi mahali pako."

Akachomoa fyuzi ya taa za ndani. Chup!

"Nani anakunywa? Nani?"

Baba alisogea karibu. Akainama. Akafikicha macho.

"Imezimika! Testa imezimika!"

"Ahaa!" Shangazi alisema. "Ni taa ya ndani. Lakini ipi?"

Akairudisha fyuzi. Testa ikawaka tena. Taa ya dari ilikuwa imezimika, maana Lugano alikuwa kazini. Kwenye buti hapakuwa na taa.

Ilibaki moja tu. Taa ya kisanduku, kile kilicho mbele ya kiti cha abiria.

"Nikikifungua, taa itawaka," alisema Shangazi. "Nikikifunga, siioni. Tutajuaje kama imezimika?"

Wote wakafikiri.

"Simu yangu iingie," alisema Baba. "Itupigie video, kisha itusimulie."

Simu ikaingia kisandukuni, ikapiga video. Shangazi akasukuma kifuniko, akasubiri kidogo. Kisha akaitoa.

"Haya, Lugano, achia kitufe. Njoo uone."

Wakatazama pamoja. Kifuniko kilisukumwa hadi kilipoweza kufika. Lakini humo ndani kulibaki kweupe. Taa iliwaka. Ikawaka. Ikazidi kuwaka.

"Ndiye yeye!" Lugano aliruka. "Anakesha peke yake!"

"Kwa nini hazimiki?" Baba aliuliza.

Lugano alichungulia kisandukuni. Pembeni aliona kitu anachokifahamu.

"Kuna kitufe! Kama changu cha mlangoni! Kifuniko kinatakiwa kukibonyeza, lakini hakikifikii. Kisanduku kimejaa mno!"

Shangazi alimgeukia Baba.

"Kaka, umeweka nini humu?"

Baba alitabasamu kwa haya. Akaanza kutoa, kimoja kimoja.

"Karanga hizi, za yule mzee aliyevunjika mguu. Asali hii, ya Mama Ipyana, nilipomleta na mtoto. Majani haya ya chai, ya bibi wa kule bondeni. Na soksi hizi alinifumia mwenyewe."

"Walikulipa?" aliuliza Lugano.

"Hapana. Waliniachia shukrani zao kitini, wakashuka kimya kimya. Niliona vibaya kuzitumia ovyo. Nikaziweka."

"Ee kaka!" Shangazi alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Karanga za shukrani huliwa! Soksi za shukrani huvaliwa! Wewe umezifungia, mpaka gari limezimia!"

Baba naye akacheka. Akavaa soksi pale pale. Shangazi akagawa karanga. Zilikuwa tamu.

Kisanduku kikabaki kitupu. Lugano akasukuma kifuniko. Tak!

Wakafunga milango yote. Wakaenda mbele kuangalia testa.

Haikuwaka.

"Nani anakunywa? Nani?" Lugano aliuliza.

"Hakuna!" walijibu wote.

Shangazi akaondoa testa, akarudisha waya wa betri. Lugano akamkumbatia kiunoni.

"Asante, Shangazi."

"Asante wewe, mwanangu, na kidole chako. Kamsalimie Bibi. Mwambie nitakuja kesho jioni."

Alfajiri, ukungu ulitanda mlimani. Majirani walikuwa wamelala.

Lugano alipanda. Baba alipanda. Baba akazungusha ufunguo.

Vruuum!

Mara moja tu. Baba akapapasa usukani kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

"Asante, Nyange," alisema taratibu.

Wakashuka mlima. Wakafika mjini. Lugano akakimbia, ka-ka-ka-ka, mpaka wodini.

Bibi alikuwa ameketi kitandani. Mama alikuwa kando yake. Muuguzi alikuwa ndiyo kwanza anashika bandeji.

Lugano akasimama mbele ya Bibi. Karibu kabisa.

Bandeji ikafunguliwa. Zunguko moja. Zunguko jingine. Bibi akapepesa jicho. Akapepesa tena.

Alitazama kwa muda mrefu. Chozi likamdondoka.

"Lo!" alisema. "Kumbe una pengo! Meno ya mbele yameng'oka, na hamkuniambia?"

Lugano alicheka. Pengo likaonekana lote.

"Asante kwa kuja mapema, mjukuu wangu."

"Mshukuru Shangazi, Bibi. Mshukuru na Baba. Na testa."

"Testa ni mtoto wa nani?"

Baba, Mama na muuguzi wakacheka mpaka wodi nzima ikageuka.

Jioni walikuwa wamerudi nyumbani na Bibi, na Shangazi akaja. Walikunywa chai ya yule bibi wa bondeni, kwa asali ya Mama Ipyana. Baba aliwataja wote, kwa majina, na kuwaombea heri.

Kisha Lugano akapanda kitandani. Bibi akajilaza karibu naye.

"Mjusi yule ukutani, amekuwapo tangu lini?" aliuliza Bibi.

"Tangu zamani, Bibi."

"Na blanketi hili, kumbe ni la kijani?"

"La kijani, Bibi. Lala sasa."

"Wewe lala," Bibi alisema. "Mimi bado natazama."

Lugano akafumba macho. Pumzi yake ikawa nzito na taratibu.

Bibi alimtazama paji la uso. Akamtazama kope. Akamtazama pengo, bila haraka yoyote.